Bi Zuhura wa Kaloleni na mashine kuukuu za kufulia alizonunua mnadani mtandaoni

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimesoma ule uzi wa jamaa anayekusanya redio za zamani, mkamshambulia kwamba ana hela za kuchezea. Nikaona nami nilete yangu. Sitatia chumvi, na pale nitakapoonekana mjinga mjue nilikuwa mjinga kweli.

Miaka ile internet cafe zimeshamiri Arusha, mimi nilikuwa nahudumu kwenye cafe moja ya ghorofani mjini. Kompyuta nane, mbili mbovu. Wateja wangu ni wanafunzi, vijana wa utalii, na wale wa kujaza fomu za green card.

Asubuhi moja akaingia mama mtu mzima, baibui jeusi, miwani imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayejua Kiingereza cha kuandika?"

Nikamwambia najitahidi.

"Kujitahidi hakutoshi. Kuna Mzungu nataka kumuuliza swali, na sitaki ajibu swali jingine."

Akatoa karatasi kwenye pochi, imeandikwa anwani ya tovuti ya mnada wa Uingereza. Alitumiwa na mdogo wake, Idrisa, aliyekuwa dereva wa basi huko huko. Nikajua tu, mama anataka gari.

Page ikafunguka taratibu kama kawaida ya enzi hizo. Si gari. Mashine ya kufulia! Pipa la bati lililopakwa rangi ya maziwa, na juu yake roli mbili za mpira za kukamulia nguo. Ilinizidi umri kwa mbali.

"Muulize," akasema, "akiwasha, inanguruma au inazunguka? Asiniambie inafanya kazi. Inanguruma, au inazunguka?"

Nikaandika huku nimeuma mdomo nisicheke. Alipotoka tu, cafe nzima tukaangua kicheko.

Basi akawa mteja wangu. Jina lake Bi Zuhura, asili yao Tanga, lakini Kaloleni amekaa tangu msichana. Alikuwa mkuu wa dobi kwenye hoteli moja ya serikali chini ya Mlima Meru. Ubinafsishaji ulipokuja hoteli ikapata mwenyewe mpya, zikaletwa mashine mpya, akina mama wa zamani wakapewa chao wakaenda.

Zile mashine kuukuu zilitolewa uani zikapondwa nyundo, zikapakiwa lori la vyuma chakavu. Bi Zuhura alisimama getini akiangalia mpaka lori likaondoka.

"Kazi sikuililia," aliniambia. "Kazi huisha. Lakini kitu kizima kinachofanya kazi, unakipigaje nyundo?"

Ndipo akaanza. Alikuwa akitengeneza mashine za watu wa Njiro, wale wenye majumba ya geti, na anachopata anamtumia Idrisa. Idrisa analipia mnadani kwa kadi, anaifuata mashine, anaiweka stoo, halafu anaombea nafasi kwenye kontena la mitumba linalokuja kwa mfanyabiashara mmoja Kisongo. Mashine moja inaweza kuchukua nusu mwaka.

Siku moja akanichukua kwake nizione. Wakuu, nilikwenda nikitegemea jalala.

Chumba cha uani, sakafu inang'aa. Mashine nne zimepangwa ukutani, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Moja ya kuzungusha kwa mkono. Moja ina dirisha la kioo. Akafunua moja moja, akaniambia kila moja ilikuja na ugonjwa gani na aliutibu vipi. Akaziwasha, ile ya mkono akaizungusha mwenyewe. Zote zinazunguka.

Kicheko changu kikaishia pale mlangoni.

Kijana wake, Salim, fundi umeme, hakuwa anaelewa kabisa. Alitaka chumba kile kipangishwe.

"Mama, wenzio wananunua viwanja, wewe unanunua mapipa."

"Kiwanja kinafua?"

Mjadala ukafungwa.

Kilichonishangaza zaidi ni jicho lake. Nikimfungulia picha yenye ukungu, anasogeza miwani, anasema hiyo ilishaanguka, tazama mguu wa nyuma. Au, huyu muuzaji mwongo, ameipaka rangi juu ya kutu. Nikiuliza, kweli Mzungu anakiri.

Sasa ile ya rangi ya maziwa ndiyo aliyokuwa akiitafuta kuliko zote. Ilikuwa aina ile ile ya hotelini. Jibu la Mzungu lilikuja: inazunguka.

Hapa ndipo ujinga wangu unapoingia. Nilimshauri tusitoe bei mapema, tusubiri dakika za mwisho tuwashtukize wenzetu. Alisita. Nikamwambia, mama, hizi ndizo kazi zangu.

Mchana huo tumekaa mbele ya screen, zimebaki dakika tano. Umeme ukakatika.

Tulishuka ngazi mbio, mimi na yeye na baibui lake, tukavuka barabara hadi cafe yenye jenereta. Mpaka page inafunguka, mashine imeshauzwa. Na bei yenyewe ilikuwa chini ya ile aliyokuwa tayari kutoa.

Nikasema, "Mama, ni umeme."

"Hata umeme ungekuwepo," akajibu, "wewe na dakika zako za mwisho mngekuwepo."

Niliumia, lakini nilistahili.

Tulipokuwa tunarudi akakaa kwenye ngazi apumue, akanionyesha mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada hakina ncha. Kumbe siku moja hotelini shuka liliuvuta mkono wake, roli zikaushika. Mwenzake aliyekuwa upande wa pili, Mama Lomayani wa Olmotonyi, aliruka akang'oa waya ukutani. Bila yeye mkono wote ungekwenda.

"Tumesimama kwenye mashine moja zaidi ya miaka kumi," akasema. "Mimi naingiza shuka, yeye anapokea. Sasa amepigwa na kiharusi. Hazungumzi. Nikienda ananitazama kama mgeni. Nilitaka aione ile mashine kabla hajazidi kunisahau."

Wakuu, nilijiona mdogo kama punje ya ulezi.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa natafuta kila asubuhi kabla sijafungulia wateja. Baada ya miezi kadhaa nikaipata nyingine, aina ile ile. Maelezo yake: mbovu, inauzwa kwa vipuri. Nikamwambia ukweli kwamba hiki ni chuma chakavu.

Akatazama picha muda mrefu. "Pipa halijatoboka. Hayo mengine ni kazi tu. Toa bei. Sasa hivi."

Nikatoa sasa hivi. Hakuna mwingine aliyeitaka.

Ilipofika Kisongo tulikwenda wote watatu, Salim akinung'unika njia nzima. Tuliikuta imelala ubavu chini ya magodoro na baiskeli, mguu mmoja umepinda. Bi Zuhura alipiga magoti vumbini akazungusha roli kwa mkono. Hazikusogea.

"Mama, imekufa hii," Salim akasema.

"Imekauka. Kufa ni kitu kingine."

Mota ilikuwa imeungua, ikapelekwa kwa fundi wa kusuka mota. Mpira wa roli ulikuwa mgumu kama mfupa. Fundi wa bushi za magari akachonga mwingine, Bi Zuhura akaukataa. Akachonga wa pili, akaukataa pia, eti upande mmoja mnene. Mimi sikuona tofauti yoyote. Alipopima fundi, tofauti ilikuwepo.

Waya za ndani hakumruhusu mtu. Lakini jioni moja nilipopita pale nilimkuta Salim amejikunja chini ya pipa, mama yake amemshikia taa, wanabishana swichi ikae wapi. Swichi ikakaa mbele, mahali ambapo hata mwenye mkono mmoja anaifikia. Hilo lilikuwa wazo la Salim.

Jumamosi iliyofuata tukaipakia kwenye pickup kwenda Olmotonyi. Baridi, tope, mashine imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani.

Binti wa Mama Lomayani, Neema, alitupokea vizuri, lakini akamvuta Bi Zuhura pembeni.

"Mama mdogo, usiumie. Siku hizi hata mimi kuna siku hanijui."

Mama Lomayani alikuwa kwenye kiti barazani, shuka la kimasai mabegani, anatazama migomba. Tukaiweka mashine mbele yake. Salim akavuta waya kutoka ndani. Neema akaleta maji ya moto na mashuka.

Bi Zuhura akawasha. Mashine ikaanza kuchekecha, ule mlio mzito, wa taratibu. Mama Lomayani anatazama migomba.

Shuka la kwanza likapita kwenye roli, Neema akalipokea upande wa pili. Kimya. La pili. Kimya. Nilitamani tufungashe tuondoke, maana kumtazama Bi Zuhura usoni nilishindwa.

La tatu lilipoingia, yule mama akageuza kichwa. Akashika ukuta, akainuka. Neema akataka kumdaka, Bi Zuhura akamzuia kwa jicho. Mama Lomayani akasogea mpaka upande wa pili wa roli, akanyoosha mkono wake mzima, akalishika shuka linalotoka. Akalitazama. Akakunja uso.

"Zuhura," akasema, maneno yakitoka mazito, "unapindisha."

"Nisamehe, dada," Bi Zuhura akajibu, akalinyoosha.

Neema aliingia ndani, tukamsikia akilia. Salim akajifanya anakagua plagi.

Wakafua mashuka yote. Wakafua mapazia. Wakanivua shati langu nalo wakalifua, nikarudi mjini na sweta la Neema.

Sitawadanganya kwamba alipona. Kesho yake alikuwa kimya tena. Lakini ile mashine, aliyoitafuta kuliko zote, Bi Zuhura hakurudi nayo. Aliiacha barazani Olmotonyi, na kila Jumamosi akawa anapanda kwenda kufua na mwenzake. Kuna siku wanaongea sentensi mbili. Kuna siku hawaongei, wanafua tu. Ilikwenda hivyo mpaka Mama Lomayani alipofariki, na mazishini Neema alimweka Bi Zuhura kwenye benchi la wanafamilia.

Nilichojifunza wakuu: ukiona mtu mzima anahangaikia kitu ambacho wewe unakiita takataka, muulize kwanza alikuwa nacho wapi na alikuwa na nani. Mimi nilicheka kabla ya kuuliza, na nina aibu hadi leo.

Karibuni mchangie. Kama mama yako au bibi yako aliwahi kufanya kazi dobi kwenye hoteli zile za serikali, tupe habari zake hapa, tumjue kwa jina.