Nilimkagua Mchumba wa Binti Yangu kwa Kucha

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu. Jina langu nalificha, kwa sababu hapa Temeke limekwisha kuchekwa vya kutosha.

Mimi ni mwalimu, mtu wa vitabu na wa kukemea. Asubuhi moja nilisoma katika kitabu cha afya kwamba mifereji kwenye kucha yaweza kuwa alama ya maradhi. Nilifurahi mno hata nikafunga kitabu papo hapo, nikabaki natamani kumpata mgonjwa.

Mgonjwa akaja mwenyewe. Jioni ile watu wa Keko walileta posa ya binti yangu Zainabu. Kijana alikuwa fundi cherehani, mwenyeji wa Lindi, mpole na mswalihina. Naye Zainabu alikwisha kumwambia mama yake kwamba hamtaki mwingine.

Kabla ya pilau nilichukua birika na beseni, nikawanawisha wageni kwa mkono wangu. Walidhani ni unyenyekevu. Nilipomfikia kijana nilimshika kidole gumba, nikakielekeza dirishani. Kucha ilikuwa na mistari kutoka shinani hadi nchani.

"Huyu ana maradhi," nikatangaza. "Simpi mwanangu."

Birika lilikuwa bado linamimina. Beseni likafurika, mkeka ukalowa, na nyuma ya pazia nikamsikia Zainabu akilia.

"Mwalimu," akasema mshenga wao, "kwani unanunua mbuzi? Mbona meno hukumtazama?"

Dada yangu akatoka nyuma ya pazia. "Hebu lete na vyako, kaka." Akavishika vidole vyangu, akaguna. "Jamani, hizi si kucha. Haya ni matuta ya viazi."

Nikatazama. Alisema kweli. Nikaketi kwenye mkeka uliolowa, nikaanza kuusia nani achukue vitabu vyangu. Wageni nao wakawa wanakagua kucha zao kimyakimya.

"Basi tumekwisha sote," akasema mshenga. "Tule pilau kabla haijawa ya matanga."

Mke wangu akapitisha kitabu chini ya pazia. "Baba Zainabu, malizia ukurasa."

Nikausoma kwa sauti ya darasani, sauti ikipungua kila mstari. Kitabu kilisema kwamba mistari ya urefu kwa kawaida si ugonjwa, nayo huzidi kwa umri. Mfereji unaokata kucha kwa upana ndio unaoweza kubaki baada ya homa kali, na huo mtu amwonyeshe daktari.

Walicheka hadi mshenga akashika nguzo. Hata pazia lilikuwa linatikisika.

"Posa nimeipokea," nikasema.

"Sasa ni sisi tunaofikiri," akajibu mshenga, akainuka na wenzake. Wakaiacha pilau, na Zainabu hakunisemesha tena.

Ijumaa nilikwenda Keko kuomba radhi. Kila mlango niliopiga hodi, waliniambia kwanza nitoe mikono. Nilitoa, mimi niliyezoea kukagua ya wanafunzi. Wakanisamehe, na posa ikarudi.

Siku ya harusi mkwe wangu alininawisha yeye mwenyewe. Alinishika kidole gumba, akakielekeza dirishani, akakitazama kwa makini. "Mzima, baba," akasema. Zainabu alicheka, nami nikacheka hata nikapaliwa.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma kidogo na kuhukumu sana: malizia ukurasa kwanza, kisha tazama kucha zako mwenyewe, ndipo ushike kidole cha mwenzako.