Kubazi la Mwenye Nyumba

Tulipokuwa tumepanga Kariakoo, miaka ile ya hamsini, bomba la nyumba nzima lilikuwa uani, kando ya jiko, na lilikuwa linatona. Ukilifunga linatona. Ukimwita mwanamume alifunge kwa nguvu, linatona zaidi. Jumapili moja mwenye nyumba, mzee wa maneno machache, alikuja kwenye hitima ya marehemu baba yake mpangaji wa chumba cha mbele, akalisikia. Akatoa kufuli mfukoni mwa kanzu, akatuonyesha.

"Tukishasoma, nalifunga. Mtateka barabarani."

Mimi nilikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua. Bomba la barabarani lilikuwa na foleni tangu alfajiri, na wanawake wa pale hawampishi mtu kwa ajili ya tumbo. Niliogopa, sifichi. Nikamwambia mume wangu, "Bwana wee, fanya kitu."

Mume wangu alikuwa fundi wa kila kitu, kwa mdomo. Siku hiyo akaazima spana kwa jirani, akafunga koki kubwa ya nje, akalifungua bomba. Ndani akakuta kipande cha mpira kilicholika, kidogo kama kifungo cha koti. Maduka yamefungwa. Akakata kingine kwenye mpira wa baiskeli, nacho kikasagika papo hapo. Huku wapishi wa pilau wananiuliza maji yako wapi, kana kwamba nimeyameza mimi.

"Hapa panataka ngozi," akasema, akaelekea ukumbini.

Mlangoni pa chumba cha mbele makubazi ya wageni yalikuwa yamerundikana. Akachagua moja lililopinda, soli imelika upande, ukanda umeshonwa kwa uzi wa gunia. Akaamua kwamba hilo halina mwenyewe, mtu alilisahau tangu siku ya msiba. Akaja nalo uani, akakata duara safi kisiginoni, akalitia bombani, akakaza, akafungua koki. Bomba likanyamaza. Nilikaa juu ya kinu nikisikiliza, siamini.

Hitima ikaisha. Wageni wakavaa, wakaondoka, akabaki mwenye nyumba peke yake ukumbini, kavaa kubazi moja.

Mume wangu akampelekea la pili kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee akapitisha kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili. "Ngozi iko wapi?"

"Bombani, mzee."

Mzee akaja uani. Akalifungua bomba, akalifunga, akainama akatega sikio. Kisha akanitazama, tumbo na mimi mwenyewe. Mume wangu alikwisha kuanza kuvitazama vyombo vyetu pale uani, ataanza kubeba kipi.

Mzee akavua na lile la mguuni, akampa.

"Hiyo ikilika, kata na hili."

Akatoka peku, na jua la saa saba linawaka. Mimi nikaingia chumbani nikalia kwa furaha, halafu nikaenda kuwatekea wapishi maji.