Ukuta Unaopakwa Rangi Kila Desemba

Jumanne nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini, nyuma ya mama mmoja mzee kutoka Masama aliyetaka rangi ya ukuta. Wanawe, alimwambia muuzaji, huupaka kila Desemba, na masika yakianza tu rangi inavimba na kubanduka.

Fundi mmoja aliyekuwa akisubiri misumari akamwamkia, kisha akauliza, "Unyevu unaanzia juu au chini?"

"Chini, mwanangu. Unapanda. Sasa umefika usawa wa kitanda changu." Akainua kidole. "Na pana ufa, hiki kinaingia chote."

"Upande wa juu wa nyumba kuna nini?"

"Migomba, na ule mfongo wa wazee wa kuleta maji shambani. Wanangu waliufukia kwa kifusi, magari yao yapate pa kugeuzia Krismasi."

Fundi akaisukuma ndoo ya rangi kando, taratibu. "Mama, maji bado yanakuja. Yanapita chini ya nyumba yako, na ukuta huo unaweza kuanguka. Usilale tena chumba hicho mpaka mfongo ufukuliwe."

Mama akashika ukingo wa kaunta. "Waliofukia wanarudi Desemba," akasema.

Sisi tunaorudi nyumbani Krismasi tu huukuta ukuta umekauka. Tunaupaka, tunapiga picha, tunaondoka. Nami nilikuwa na ndoo yangu mkononi, ya nyumba ya mama yangu kule Rombo. Niliiweka chini, nikampigia simu.

"Shikamoo mama. Ule ukuta wako unalowa kuanzia juu au chini?"



"Miaka yote mnapaka," akasema, "leo ndiyo unauliza."