Ukurasa wa Majaribio

Hebu mwone anavyoingia. Saa moja na robo asubuhi, mlango wa chuma wa kiwanda cha uchapaji umefunguliwa nusu, naye anapita ubavu ubavu kwa sababu mkoba wake umevimba: chupa ya chai, sweta, na rula ya chuma ambayo haazimi mtu hata aombwe kwa magoti. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfupi, mwendo wake wa haraka kama wa mtu aliyeacha kitu jikoni. Na kweli kuna alichoacha. Ameacha mume.

Pale kiwandani wanamwita Bi Nukta. Jina alipewa na Mzee Miwani, fundi wa pleti, zamani, Bi Nukta akiwa bado mgeni kazini. Siku hiyo alipita karibu na karatasi iliyobandikwa ukutani, akasema bila hata kusimama, "Mstari wa tatu, nukta imekimbia." Watu wakaenda kuchungulia. Imekimbia kweli. Tangu hapo jina lake la nyumbani likabaki kwenye barua ya ajira tu.

Kazi yake ni kupanga kurasa. Mwandishi analeta maneno yamelundikana kama nguo za kufua. Yeye anayanyoosha kwenye kompyuta, anayapa nafasi ya kupumua, anaweka majedwali na picha. Akimaliza, faili linakwenda kwa Mzee Miwani, ambaye mashine yake inaligeuza kuwa pleti, lile bati jembamba linalofungwa kwenye mtambo wa kuchapa. Baada ya Mzee Miwani hakuna jicho jingine. Akisema sawa, mtambo unanguruma.

Mume wa Bi Nukta alikuwa mpiga picha wa studio. Asubuhi moja alikuwa anaminya dawa ya meno, mkono wa kulia ukakataa. Ukafuata mguu, na ulimi nao ukabaki na maneno manne: ndiyo, maji, njoo, na tusi moja ambalo halikudhurika hata kidogo. Kompyuta aliyokuwa akisafishia picha zake ilibaki mezani chumbani, imefunikwa kitambaa. Ilikuwa nyeupe.

Weupe huo ndio mwanzo wa mambo.

Kiwanda kilikuwa na kompyuta za kila namna, na kila faili likitoka kwenye mashine moja kwenda nyingine lilifika limevurugika, kama mtu aliyelala na nguo zake. Mwenye kiwanda akachoka. Akasema zitanunuliwa mpya, za aina moja, basi. Zikaletwa mbili za kujaribia, moja nyeupe, moja nyeusi, kila moja na programu zake na tabia zake, na kiwanda kikagawanyika kama ukoo kwenye posa.

"Hiyo nyeusi ni trekta," alisema mchoraji wa majalada.

"Trekta ndilo linalolima, bwana," akajibu fundi wa kompyuta. "Yako hiyo gari la harusi. Likipita kila mtu anageuza shingo. Sasa libebeshe mchanga tuone."

"Wewe mchanga unaupeleka wapi?"

"Kwako. Naona kuna shimo kichwani."

Mwenye kiwanda aliwaacha wachoke, kisha akasema, "Ataamua Bi Nukta. Mama, chagua ukurasa mmoja, upange kwenye hii na hii, Mzee Miwani akutolee pleti mbili, halafu uniletee neno moja. Utakalosema ndilo."

Hakuna aliyebisha. Ungembishia vipi mtu aonaye nukta akiwa anatembea?

Nyumbani, jioni ile ile, wifi yake aliyekuwa akimwangalia mgonjwa mchana alikuwa anakunja nguo zake. "Wifi, nimekaa miezi minane," alisema. "Kaka ni damu yangu, lakini mume wangu naye ana tumbo, na kupika hajui. Mwisho wa mwezi narudi kwangu."

"Nani atamgeuza mchana?"

Wifi aliendelea kukunja. Alikuwa mtu mwema.

Mgonjwa wa kulala anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unaoza. Bi Nukta alikuwa ameuona mgongo huo unaanza kuwa mwekundu. Kesho yake akamwomba mwenye kiwanda afanyie kazi nyumbani.

"Mama, sina kinyongo," alisema yule bwana. "Ukiwa na mashine ya aina ile ile tutakayochagua, na mafaili yakafunguka bila vurugu, kaa nyumbani. Ikiwa aina nyingine, haiwezekani. Nimehama vurugu, sirudi."

Nyumbani ilikuwepo nyeupe. Pesa ya kununua nyeusi haikuwepo, na mwenye mgonjwa wa miezi minane haulizwi kwa nini.

Sasa, msomaji wangu, usiharakishe kumhukumu. Alianza vizuri. Alichagua ukurasa mgumu kuliko wote, jedwali la saba kutoka kitabu cha hesabu cha watoto: saba mara moja, saba mara mbili, hadi kumi. Akaupanga kwenye nyeusi. Pleti ikatoka safi. Akaupanga kwenye nyeupe, kwenye skrini ukapendeza kushinda wa kwanza. Lakini ulipofika kwenye mashine ya pleti, kuna herufi za nyeupe ambazo mashine ile haikuzijua, ikaweka za kwake, nene kidogo. Kichwa cha safu ya mwisho, "Jibu lake", kikakosa nafasi, neno la pili likaangukia mstari wa chini. Majibu yote yakasukumwa hatua moja. Saba mara mbili ikapata saba. Saba mara nane ikapata arobaini na tisa. Na sabini, maskini, akatumbukia nje ya jedwali akapotea.

Mzee Miwani alikuwa ametoka kunywa chai. Bi Nukta alisimama na karatasi ya mfano iliyotoka kwenye mashine, rula mkononi. Alisikia chupa ya mtu ikigonga meza chumba cha pili. Akaikunja karatasi mara nne, akaichana, akaitia mkobani chini ya sweta. Kisha akafuta faili, akachagua ukurasa mwingine: hadithi ya kuku na vifaranga, aya tano, picha moja. Nyeupe ikautoa vizuri. Nyeusi ikautoa vizuri. Ukiwatazama, mapacha.

"Umeonaje?" aliuliza Mzee Miwani aliporudi.

"Nyeupe inafaa, mzee wangu."

Mzee hakuinama hata kutazama. Akachukua kalamu akatia sahihi. "Ukiona wewe, nimeona mimi."

Mchoraji wa majalada akacheza ngoma bila ngoma. Fundi wa kompyuta akasema, "Haya, tutalima kwa gari la harusi," akaenda kufunga mashine.

Miezi mitano iliyofuata ilikuwa mizuri, na tuseme kweli. Bi Nukta aliisogeza kompyuta karibu na kitanda. Alipanga kurasa, saa mbili zikipita anainuka, anamgeuza mumewe, anampaka mafuta, anarudi kwenye mistari. Wekundu wa mgongo ukafifia. Siku moja mume akanyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa mwenyewe nusu, nusu ikaenda kifuani, akatoa lile tusi lake kwa furaha.

Na jedwali lolote likiwa kitabuni, Bi Nukta alimwomba jirani akae na mgonjwa, akaenda kiwandani na rula yake, akasimama juu ya pleti mstari kwa mstari. Ikiwa kuna safu iliyoshuka alirekebisha kimya kimya. Mzee Miwani aliona hiyo ni heshima ya kazi. Alikuwa akimwambia, "Wewe hukuzaliwa, ulipimwa."

Zamu ya kile kitabu cha hesabu ilifika siku ya Jumatano. Asubuhi hiyo chai ilipita njia mbaya. Mume alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi, na Bi Nukta akawa amemkumbatia kwa nyuma, anampiga mgongo, analia bila sauti. Alipotulia ilikuwa saa sita, na faili lilitakiwa kabla ya saa saba. Akalituma. Akapiga simu.

"Mzee wangu, leo siwezi kuja. Majedwali yatazame kwa niaba yangu, tafadhali. Moja moja."

"Umeyapanga wewe?"

"Mimi."

"Basi hayana neno. Mgonjwa anaendeleaje?"

Wiki tatu baadaye mwalimu mmoja alirudisha nakala, ukurasa wa jedwali la saba umechorwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni ameandika: Watoto wangu wamelikariri hili.

Mwenye kiwanda aliita watu wote, Bi Nukta naye akaja. Yule bwana hakupaza sauti. Alikiweka kitabu mezani, akauliza nani aliitazama pleti mwisho. Mzee Miwani akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Halafu, bila kuulizwa, akasema jambo alilokuwa amelificha: jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana. Aliogopa kusema. Alidhani moja lingetosha.

"Lakini hivi vitu haviteremki vyenyewe," alisema fundi wa kompyuta. "Isije ikawa ni mashine. Kwenye majaribio ilikuwaje?"

"Majaribio aliyafanya Bi Nukta," alijibu mwenye kiwanda.

Swali likafia hapo. Jina lake lilikuwa muhuri. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, kafungua mdomo. Akilini akaona kitanda. Akaona mgongo. Akaufunga mdomo.

Mzee Miwani aliondoka siku hiyo na koti lake na kikombe chake. Miaka thelathini na minne ikaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki, na mfuko haukujaa.

Ngoja nikwambie lililo chungu kuliko hayo. Jioni hiyo hiyo Bi Nukta alikaa mbele ya nyeupe akaitafutia dawa. Akajaribu kuligeuza jedwali zima liwe picha kabla ya kulituma, ili mashine ya pleti isiguse herufi. Likafika bila kuyumba. Nusu saa tu. Nusu saa hiyo ilikuwepo tangu siku ya majaribio. Angemwonyesha fundi wa kompyuta ile karatasi ya kwanza, yule kijana angeicheka nyeupe wiki nzima, angemkera mchoraji hadi alie, kisha angekaa akaipata dawa ile ile; na nyumbani angekaa vile vile, na mzee angekuwa kwenye pleti zake. Aliiba kitu ambacho angepewa.

Alimwambia mumewe yote, kwa sababu mumewe asingeweza kumwambia mtu. Kwa siku mbili mume akigeuzwa alifumba macho.

Mwezi mmoja ukapita. Jumapili mchana hodi ikabishwa mlangoni, na aliyeingia ni Mzee Miwani, na machungwa kwenye karatasi. Amekuja kumjulia hali mgonjwa. Miwani hakuvaa.

"Karibu, mzee wangu. Miwani iko wapi?"

"Nimeiweka kabatini. Ya nini, mwanangu? Wajukuu wakinipa kitabu niwasomee, nawaambia nendeni kwa mama yenu. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kwamba saba mara nane ni arobaini na tisa, atasoma nini tena?" Akacheka kidogo. "Wanasema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi naona vinafuatana."

Mume kitandani alikuwa anamtazama mkewe.

Bi Nukta akamenya chungwa, akampa, akamenya jingine ambalo hakuna aliyeliomba. Mzee alikula taratibu, akafuta vidole, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni ule ukurasa. Aliuchana kwenye kitabu siku ile, amekuwa akitembea nao.

"Nina ombi moja, na ni wewe tu wa kuniambia, maana wewe hujawahi kunidanganya. Daktari wa macho anasema hili la kulia ni zima kabisa. Basi mimi silali. Nikiwa na jicho zima, nilipitaje hapa? Niliutazama ukurasa huu, mwanangu, nakumbuka niliutazama. Nilisema, kaupanga Bi Nukta, nikapita." Akamsogezea karatasi. "Niambie. Kosa lilikuwa la macho yangu, au kuna mahali pengine?"

Karatasi ikawa mkononi mwa Bi Nukta, imekunjwa mara nne kama alivyoikunja yeye ile ya majaribio. Nyuma yake nyeupe ilikuwa imewashwa, kazi ya kesho imefunguliwa. Akisema, mwenye kiwanda atajua kabla ya jua kuzama, ataifuta ruhusa ya kukaa nyumbani, na Jumatatu saa nne, na saa sita, na saa nane, hakuna wa kumgeuza aliyelala. Asiposema, mzee atarudi na karatasi yake mfukoni, akiamini kwamba hata jicho zima lilimsaliti.

Mumewe akanyanyua mkono wa kushoto, akagonga ubao wa kitanda mara mbili. Hivyo ndivyo anavyoita akitaka kugeuzwa. Lakini alikuwa amegeuzwa nusu saa tu iliyopita.

Wewe uliyekaa nami tangu mlango wa chuma ulipofunguka nusu: ingekuwa ni wewe umeishika karatasi ile, mzee anangoja na kitanda kinagongwa, neno lako la kwanza lingekuwa lipi?