Kamera ya Shomari na Uso wa Mama

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka, hata chai naiacha ipoe. Zama zile za vijiji vya Ujamaa nilikuwa mpiga picha peke yangu Kilosa nzima. Ukiniuliza mimi, hadi tembo wa Mikumi walikuwa wakinisubiri. Kamera yangu lilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, zito kama ndama. Nilimwambia mtu, "Usipumue!" nikahesabu mpaka tatu, maana lilichelewa kufumba jicho. Ukitikisika, uso unatoka moshi.

Akarudi Shomari kutoka Dar, tuliyesoma naye kisomo cha jioni. Mfukoni ana kikamera sawa na pakiti ya sigara: mkanda mmoja picha thelathini na sita, na jicho lake lafumba kabla hujakonyeza. Alimpiga kuku akiruka, manyoya yakahesabika! Wateja wakanihama. Wivu ukanivimba hata kofia ikanibana.

Hasidi hana sababu. Nikazunguka Rudewa kwetu nikieneza maneno: "Kamera ndogo hutoa watu wadogo. Mtatoka kama punje za mtama." Uongo mtupu. Nilijua fika kwamba picha hukuzwa chumba cha giza.

Shomari akapita nyumbani kwa mama, nami nipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nikupige picha moja, zawadi yangu."

Mama, ambaye uzee ulikuwa ukimtetemesha kichwa, akacheka. "Wee! Unifanye punje, kuku wanidonoe? Mwanangu kaniambia yote. Nitapigwa na lile lake kubwa."

Shomari akanitazama. Alingoja neno langu moja tu. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu, na siku ile nilivaa ndala.

Mama nilimpiga picha nne. Khanga imetoka, mikono imetoka, hata mkeka umetoka; uso ni moshi. Masika yaliyofuata akafariki. Wajukuu huniuliza, "Bibi alifananaje?" Nawaonyesha moshi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwenzio akija na chombo kinachokupita, mwombe akufundishe. Na kama umeshamsema vibaya, kanusha siku ileile, mbele ya waliokusikia, kwani uongo wako huwaumiza kwanza wanaokuamini kuliko wote. Mungu akupe, mwanangu, macho yasiyochomwa na riziki ya jirani, na ulimi mwepesi wa kusema, "Nilikosea." Amina.