Nyuki wa Saa Kumi na Mbili

Nyumbani tunamwita Mama Nyuki, ingawa hana mtoto wala mzinga. Dada yangu alihesabu nyuki kwenye maua ya maboga kwa misimu miwili mpaka akapata shahada ya uzamivu, na makala yake moja ikachapishwa jaridani. Moja tu, lakini alijivunia kweli. Ilisema maua hayo hutembelewa na nyuki wachache mno. Ndiyo aliyoiambatanisha kwenye maombi ya kazi ya uhadhiri, na majibu alikuwa akiyasubiri roho juu.

Mwezi uliopita profesa wake wa zamani alimpa kazi ngeni: kuhakiki makala ya watafiti wengine kabla mhariri wa jarida hajaamua kama itachapishwa.

"Mhariri ameniruhusu nikufundishe," alimwambia. "Andika wewe, mimi nitapitia. Huwajui waandishi, na wao hawatakujua."

Dada alirudi nyumbani kifua mbele. Mimi ni fundi cherehani, nashona sebuleni, naye hufanyia kazi kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Siku ya kwanza alitabasamu. Siku ya pili alinuna. Makala ilihusu maua ya maboga, na ilisema nyuki ni wengi tu.

Basi akashika kalamu nyekundu, ungedhani katukanwa. Aya hii ndefu, jedwali lile halina kichwa, hapa nukta imesahaulika. Kurasa nne nzima, na mwisho: isichapishwe. Profesa alizirudisha bila kugusa hata neno. Aliandika juu tu: "Nimeona walipokosea. Sasa niambie wamegundua nini, na wamejuaje."

"Wamejuaje? Wamebahatisha!" dada alifoka.

"Wamehesabu saa ngapi?" niliuliza, ili anyamaze nimalizie mkono wa gauni.

Akapekua. "Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili."

"Na wewe?"

"Kuanzia saa tatu." Sauti ilishuka. "Gari la idara lilikuwa linatoka saa mbili."

"Kwani nyuki walikuwa wanamsubiri dereva amalize chai?"

Hakucheka, nami nikajuta papo hapo.

Kesho yake akaniburuta kitandani alfajiri. Jirani amepanda maboga nyuma ya nyumba, basi tukachuchumaa mbele ya ua moja, mimi nahesabu, yeye anaandika. Dakika kumi, nyuki kumi na mmoja. Tulirudi saa nne: nyuki mmoja, na ua limeanza kujikunja. Nilidhani atalia. Badala yake aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chavua.

"Hebu ona," alisema. "Linafunga mapema hivi kwa nini?"

Alikuwa amenisahau kabisa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tukiwa watoto, alipokuwa akifumua redio ya baba.

Dada alimweleza profesa kwamba makala ile inapinga ile aliyoichapisha yeye dada. Profesa akamwarifu mhariri, mhariri akasema waendelee, maadamu sasa ameshajua. Dada akaanza upya. Safari hii aya ya kwanza ilieleza waandishi wamegundua nini, na ilikuwa nzuri hata mimi niliielewa. Kisha yakafuata maswali. Siku za mvua walifanyaje? Walijuaje kwamba nyuki mmoja hakuhesabiwa mara mbili? Hilo la pili ni langu, na sijalipwa. Ile nukta iliyosahaulika aliiweka mwisho kabisa, mstari mmoja.

Pendekezo lake lilikuwa ichapishwe baada ya marekebisho, na rekebisho kubwa alinisomea kwa sauti:

"Waandishi wamekuwa wapole mno kwa utafiti uliotangulia. Waseme wazi kwamba mtafiti yule alichelewa kufika shambani."

"Na kazi je?" nikamwuliza.

Alifungua barua yake ya maombi ili aitume upya, akaandika sentensi ile ile ya kuchelewa shambani, safari hii chini yake pana jina lake.