Goti Aliloliita Bi Shutu

Mjukuu wangu Yusra ana miaka tisa na ugonjwa wa viungo usioisha. Akiamka, magoti yamevimba, vidole vimekakamaa, vifungo vya sare vinamshinda. Lakini muulize, "Hujambo, mwanangu?" Atakujibu, "Sijambo, alhamdulillah." Ndivyo nilivyomlea.

Tena ana sababu. Akisema anaumwa, mimi hulia. Kilio changu humleta jirani, Bi Shutu, na mafuta ya nyonyo, mkono mzito, na habari za kila marehemu aliyeanza kwa kuumwa magoti.

Alfajiri moja nikitoka kuswali nilimsikia Yusra kitandani akilibembeleza goti lake: "Tafadhali Bi Shutu, nyamaza. Bibi akisikia atalia."

Nilirudi kwenye mswala nikakaa.

Siku ya kliniki, Bi Shutu alijileta kutusindikiza. Daktari, kijana wa bara, akauliza, "Yusra, hujambo?"

"Shikamoo daktari. Sijambo, alhamdulillah."

"Vizuri sana! Basi dawa tutaipunguza."

Ipunguzwe, na asubuhi ile nilikuwa nimembeba hadi chooni! Lakini nitamsutaje mtoto mbele ya mgeni? Nikainama, nikamuuliza kwa upole, "Na Bi Shutu je, hajambo?"

"Mimi mzima kabisa!" akadakia Bi Shutu nyuma yangu.

Yusra akaziba mdomo kwa kicheko. Kisha akanitazama usoni. Nikauma leso yangu, macho makavu.

"Bi Shutu amenuna," akamwambia daktari. "Usiku kucha ananigombeza. Hataki nikunje mguu."

"Bi Shutu ni nani?"

Akashika goti.

"Mimi? Goti?" Bi Shutu alisimama wima.

"Nisamehe, Bi Shutu. Ni kwa kuwa halinyamazi."

Daktari akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Aliporudi akalishika lile goti taratibu, na Yusra akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekiweka siku nyingi. Dawa haikupunguzwa, iliongezwa.

Bi Shutu alinuna njia nzima ya kurudi, mpaka Ukunda. Siku hizi kila asubuhi husimama uani na kuuliza, "Yule mwenzangu ameamkaje?"

"Amenuna, Bi Shutu!" Yusra humjibu.

"Basi mwambie ninamsalimu." Na mafuta yake hurudi nayo nyumbani.

Mimi silii tena mbele ya mtoto. Ila leso ile pindo lake limekwisha kwa kutafunwa.